MASOMO YETU KATIKA MIAKA HAMSINI: SERKALI NA SISI TUNAOJITOLEA

Hotuba ya katekista mbele ya wakristu na wageni, siku ya Yubile ya parokia



Padri Paroko, Mapadri na Masista wapenzi, Bwana Mjumbe wa Administratere wa teritwari, Bwana Shefu wa grupema, Wazee mlioanza parokia hii, ndugu waislamu na waprotestanti mliokubali kuja kufurahi pamoja nasi, wazazi, walimu, na ninyi vijana:

Komite ya Yubile imetuomba tuseme juu ya masomo. Wengine wamekwisha kusema juu ya ubatizo wa kwanza, juu ya kanisa la majani na lile la matofali, na juu ya mapadri waliolala katika makaburi yetu. Sisi tumepewa neno lisiloimbika vizuri: namna gani Serkali na watu wanaojitolea wamebeba pamoja, au wameshindwa kubeba pamoja, mzigo wa kufundisha watoto wa hapa. Tutasema bila kumtukana mtu, lakini bila kuficha pia. Yubile ya Wayahudi wa zamani ilikuwa mwaka wa kurudisha mashamba kwa wenyewe, na hakuna anayeweza kurudisha kitu asipojua kwanza ni cha nani.

Parokia yetu ilizaliwa mwaka 1975. Vijana wengi hawajui kwamba ilizaliwa bila masomo. Nyumba ya kalasi ilikuwapo, ile iliyo karibu na mto, iliyojengwa na wamisionari zamani palipokuwa kapela tu. Lakini mwishoni mwa mwaka 1974 Serkali ya Zaire, chini ya Rais Mobutu, ilikata shauri kutwaa masomo yote yaliyokuwa mikononi mwa dini. Padri wa kwanza alipofika kukaa hapa, alikuta picha ya Rais mahali pa msalaba. Somo la dini lilikuwa limeondolewa katika programu, na pahali pake watoto walifundishwa uraia na siasa ya chama.

Mzee aliyekuwa katekista mbele yetu, sasa ni marehemu, alitusimulia kwamba aliushusha msalaba wa kalasi ya sita kwa mikono yake mwenyewe, akaufunga katika kitenge cha mke wake, akauficha ndani ya kapu la mpunga. Asubuhi alikuwa mwalimu wa Leta, aliyelipwa kwa kufundisha hesabu na kuimbisha nyimbo za chama. Kisha saa nane aliketi chini ya mti wa maembe pamoja na watoto walewale, bila ubao wala chaki, akafundisha katekismu, na kwa kazi ile hakuna aliyemlipa hata likuta moja. Tulimwuliza mara nyingi: «Baba, kazi gani ilikuwa ya kweli?» Alicheka, akatujibu kwamba tumbo lilijua moja na moyo ulijua nyingine.

Tukumbuke vilevile kwamba tangu mwaka 1972 vyama vya vijana wakristu vilikuwa vimekatazwa. Xaveri, iliyoanzishwa Bukavu na Padri Georges Defour, na Kiro, na Skuti, vyote viliambiwa vinyamaze, maana kijana alitakiwa awe mtu wa JMPR tu, yaani tawi la vijana la chama. Na kujitolea kwenyewe kukapewa jina jipya, Salongo. Wazee mnaijua. Kila mtu alitakiwa atoke na jembe lake kwa kupenda, na asiyependa alikamatwa. Leo tunacheka, lakini siku zile hakuna aliyecheka. Serkali ilikataza watu wajitolee namna walivyotaka wao, halafu ikawalazimisha wajitolee namna ilivyotaka yenyewe. Tunafikiri kwamba neno «kujitolea» lilipata ugonjwa wakati ule, na halijapona bado. Ndiyo maana hata leo, padri akitangaza kazi ya bure, watu wanaangaliana kwanza.

Lakini tusijidanganye kwamba kabla ya hapo Eklezya ilifanya kazi kwa huruma tu, bila kupata kitu. Tarehe 26 Mei 1906 Vatikano na Serkali ya Kongo ya Mfalme Leopoldi wa Pili waliandikiana mapatano. Kila misioni ipewe shamba la hektari 100 mpaka 200, nayo misioni ifungue masomo kadiri ya uwezo wake, na programu ya masomo hayo ionyeshwe kwa Guverneri. Mwenye shamba, yaani babu zetu, hakuulizwa na yeyote. Padri aliyetufundisha kilatini seminarini alipenda neno la wanasheria wa Roma wa kale: do ut des, nakupa ili unipe. Basi tangu mwanzo Serkali na misioni walipeana. Kosa letu mara nyingi ni kusimulia habari hiyo kana kwamba upande mmoja ulitoa tu na upande mwingine ulipokea tu.

Sasa tufike kwenye neno lililo kubwa kwetu. Serkali ilikaa na masomo miaka miwili na kidogo. Iliona kwamba bendera haitengenezi manjanja yanayovuja wala haihesabu madaftari. Tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi pamoja na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu ile hati inayoitwa Konvensio, na baadaye na ndugu zetu Waislamu. Kwa hiyo tunasema masomo ya konvensione. Wakristu wengi wanadhani siku ile masomo yalirudi kuwa mali ya Eklezya. Si hivyo, na sherti tuelewe vizuri. Hati inasema masomo ni ya Serkali. Serkali inaweka programu, inatuma inspektere, inalipa mishahara ya walimu. Eklezya inapewa kuyaongoza: inachagua direktere, inapanga walimu, inalinda nizamu, inafundisha tena dini. Mmoja ni mwenye nyumba, mwingine anakaa ndani na kuifagia. Ni mapatano mazuri, kadiri tunavyofahamu, ikiwa tu kila mmoja anafanya kazi yake.

Mzee wetu aliutoa msalaba ndani ya kapu. Panya walikuwa wameula upande mmoja. Uko bado katika kalasi ya sita, na mkono mmoja ni mfupi; mnaweza kwenda kuutazama kisha ya chakula.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mkono wa Serkali ulikauka. Mshahara wa mwalimu haukuweza tena kununua hata kapu la muhogo, na mara nyingi haukufika kabisa. Walimu wakafunga kalasi. Maaskofu na wazazi wakatafuta njia ya kuokoa watoto, wakakubaliana kwamba wazazi watoe kitu kidogo kila mwezi kwa kumtia mwalimu moyo, mpaka Serkali itakapojiweza. Ilikuwa dawa ya muda mfupi. Dawa ile tuliimeza karibu miaka thelathini.

Sisi tunaosema mbele yenu tulikuwa kalasi ya nne wakati ule. Kila mwisho wa mwezi mwalimu alisimama mlangoni na kusoma majina ya wasiolipa, nao wakatoka mmoja mmoja na mbao zao chini ya kwapa. Mwalimu hakuwa mbaya. Alikuwa na watoto saba. Baba yetu aliuza mawese. Alitembeza kinga yake na bidoni nne siku mbili mpaka sokoni, na feza aliyorudi nayo ilitosha mtoto mmoja. Tulikuwa wawili masomoni, sisi na dada yetu mkubwa, aliyekuwa kalasi ya tano na ambaye alitupita katika hesabu na kusoma. Baba alikata shauri usiku mmoja bila kupaza sauti. Mvulana akaendelea, akaingia kisha seminari ndogo. Dada akabaki kupika mawese. Ni kwa mawese aliyoyapika yeye sisi tumejua kilatini. Yuko hapa leo, upande wa akina mama, na ametupa ruhusa kusema jambo hili. Akishika kitabu cha nyimbo anafuata kwa kidole na kwa midomo, polepole, na wimbo unamaliza kabla yake.

Na feza ile ya wazazi haikubaki yote masomoni. Sehemu yake ilipanda ngazi, ofisi kwa ofisi, kila ofisi ikakata fungu lake. Zilikuwamo ofisi za Serkali, na, tuseme ukweli mbele ya Altare, zilikuwamo za Eklezya vilevile. Wazazi waliojitolea kumlisha mwalimu wa kijiji chao walijikuta wanawalisha watu wa mjini wasiowajua. Hapo ndipo kujitolea kunapogeuka kodi bila sheria.

Juu ya vita hatutasema mengi, wengine wamesema. Tuseme tu kwamba tangu mwaka 1998 mpaka 2003, sehemu zetu zilipokuwa chini ya waasi, Serkali ya Kinshasa haikuwa hapa hata kwa jina, na wazazi walimlipa mwalimu kwa mpunga. Kalasi zilifungwa siku za risasi tu.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi katika nyumba za Serkali ni ya lazima na ni ya bure. Tumeona kwamba masomo ya konvensione ni nyumba za Serkali. Kwa hiyo neno hilo latuhusu. Lilikaa katika kartasi mpaka mwezi wa Septemba 2019, Rais Tshisekedi alipoamuru wazazi wasilipe tena. Tulifurahi. Watoto walitoka hata katika mashamba ya mbali, wasichana wakubwa wakaja kukaa kalasi ya kwanza pamoja na wadogo zao. Dada yetu alileta wajukuu watatu siku moja. Kalasi iliyojengwa kwa watoto hamsini ikaingiza zaidi ya mia, wengine wakiwa chini, wengine dirishani.

Lakini nani anamlipa mwalimu? Tunao walimu wanane. Watano wana namba yao katika orodha ya mishahara. Watatu hawakuwa nayo. Ndio wanaoitwa «nuvel unite», yaani watu wapya, ingawa mmoja wao alikuwa amefundisha miaka kumi na moja. Zamani walikula ile feza ya wazazi. Kisha ya 2019 wazazi wamekatazwa kutoa, na Serkali haijawaandika. Masomo yakawa bure kwa mtoto, na bure kwa mwalimu vilevile.

Yule wa miaka kumi na moja alikwenda mjini mara nne na dosie yake ndani ya plastiki. Katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, aliambiwa mara ya kwanza kwamba kartasi moja inakosekana. Mara ya pili, kwamba dosie yote imepotea. Mara ya tatu, kwamba kalamu ya kuandikia haina wino, na kila mtu katika inchi hii anajua maana ya wino huo. Mara ya nne hakuingia ndani. Alipita moja kwa moja mpaka machimbo ya zahabu, na yuko huko mpaka leo. Hatumhukumu. Alikuwa mwalimu bora wa kalasi ya kwanza tuliyepata kumwona.

Katika parokia watu wamegawanyika juu ya neno hili, na ni vizuri kusema mbele ya wageni pia. Wako wanaosema: turudishe masomo kwa Leta, wabebe mzigo wao. Tunawauliza kwa heshima: watoto watakwenda wapi siku ile ya kurudisha? Tulikwisha kuona mwaka 1975 masomo yaliyo mikononi mwa Leta peke yake. Wako wengine, nao ni wengi zaidi, hasa kati yetu makatekista, wanaosema: tulipe kimyakimya, tujenge kimyakimya, Mungu anaona. Neno hilo ni takatifu na lina hatari ndani yake. Miaka sita iliyopita akina mama wa mashirika yetu walibeba mchanga kutoka mtoni, vijana wakachoma matofali, Waislamu wa ngambo wakatoa mbao, nasi tukasimamisha kalasi mbili. Siku ya kufungua alikuja mkubwa mmoja, akakata kamba, akaishukuru Serkali kwa kazi nzuri. Akina mama wakapiga vigelegele, maana hawana adabu mbaya. Lakini mama mmoja nyuma yetu aliuliza kwa sauti ndogo: «Huyu Serkali alibeba kapu ngapi?»

Tumefikiri sana juu ya swali la mama yule. Papa Pius XI, katika barua yake ya mwaka 1931, Quadragesimo anno, alifundisha kwamba kazi ambayo jamaa na vyama vidogo wanaweza kuifanya wenyewe, mkubwa asiwanyang'anye. Wengine wanalichukua fundisho hilo kama ruhusa kwa Serkali ya kuketi kitini na kutazama wengine wakitoka jasho. Lakini jina la fundisho hilo linatoka katika neno la kilatini subsidium, nalo maana yake ni msaada: askari waliokaa nyuma, tayari kuinuka wenzao wa mbele wakichoka. Mkubwa hanyang'anyi mzigo wa mdogo, lakini hana ruhusa ya kulala. Tukijitolea kimyakimya, tunamfunika blanketi.

Kwa sababu hiyo komite ya wazazi, pamoja na direktere, ilianza miaka miwili iliyopita kuandika daftari. Ni daftari la kawaida, la kurasa mia mbili. Upande wa kushoto tunaandika yote tunayotoa: siku, jina, kapu za mchanga, kilo za mpunga zilizopelekwa kwa mwalimu, saa za kazi ya seremala. Upande wa kuume, mbele ya kila mstari, tunaandika ni kazi ya nani kadiri ya Konvensio na Katiba. Mahali pengine tumeandika «yetu», kwa mfano kufagia kiwanja, kutengeneza choo, kufundisha dini. Mahali pengine tumeandika «ya Serkali, tumeifanya kwa muda». Ni maneno machache lakini yanabadili kitu. Anayetoa mpunga anajua sasa kama ametoa zawadi au amekopesha.

Mwanasheria mmoja alitushauri tuunde chama chenye kutambulikana, kufuatana na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Tulianza, tukaacha. Kartasi za namna ile zinasafiri mpaka Kinshasa kwa Waziri wa Sheria, na sisi hata nauli ya Kindu inatushinda. Tutairudia siku nyingine. Daftari halihitaji nauli.

Inspektere alipokuja mwaka jana, tulimwekea daftari mezani kabla ya kumpa chakula. Alisoma kurasa nyingi bila kusema. Kisha aliomba kuona wale walimu wawili waliobaki bila namba, akaandika majina yao kwa mkono wake, naye direktere akaandika ndani ya daftari kwamba ameyaandika, na siku gani. Mmoja wao amepata namba yake mwezi wa tatu uliopita. Kama ni juu ya daftari, au juu ya moyo wa inspektere, au juu ya sala za akina mama wa Legio, kila mtu achague. Wa pili, ambaye ni mwanamke na anafundisha kalasi ya pili watoto mia na kumi, bado hana kitu.

Sasa ombi letu, nalo ni la namna mbili. Kwenu wakristu: feza ya mavuno ya Yubile ilitazamiwa kujenga mlango mkubwa wa kiwanja cha kanisa. Baraza la parokia limekubali tuwaulize kama nusu yake inaweza kumlisha mwalimu yule wa kalasi ya pili mpaka Pasaka, pamoja na mmoja mpya wa kuchukua pahali pa yule aliyekwenda machimboni. Mtajibu katika mashirika yenu juma hili. Viongozi walete jibu Dominika. Anayependa mlango aseme bila woga. Sisi makatekista hatulipwi, mnajua, kwa hiyo tusisikike kama watu wanaoomba kwa ajili ya mifuko yao. (Kama mtaongeza kitu juu ya sabuni za makatekista, hatutakataa.)

Kwako, Bwana Mjumbe wa Administratere: tunakushukuru kwa kuja, na hatukukuita ili tukuhukumu. Tunajua kwamba mshahara wako pia hukawia. Feza hiyo, wakristu wakiikubali, itaandikwa upande wa kushoto. Upande wa kuume tutaandika «ya Serkali, tumeifanya kwa muda, mpaka Pasaka». Tunaomba uandike chini yake kwamba umeona, pamoja na Bwana Shefu. Hatuombi feza yako leo, tunaomba sahihi. Dada yetu ndiye atakayekuletea daftari hapo ulipoketi. Amejifunza kuandika jina lake katika kalasi ya akina mama ya jioni, na mstari wa kwanza wa ukurasa ule ni wake: kilo tano za mpunga. Kalamu iko ndani ya daftari, na tumeijaribu, ina wino.